Miaka Mitatu Niliyomwongeza Hamdi

Ifrah, aabo,

Naanza na neno letu hilo, la baba na mtoto kuitana jina moja, kwa sababu sina hakika kama ukimaliza kusoma utataka kuniita hivyo tena.

Ni alasiri. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, mama yako amekalia sanduku lako ili lifungike, na mimi nimejifungia chumba cha mbele nikisingizia maumivu ya kichwa. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuo cha polisi. Habari za soksi, za viatu vya kukimbilia na za nani wa kumpigia simu ukifika, utazisikia kwa mama yako mpaka uombe basi liondoke haraka. Mimi juu ya soksi sina la kukuambia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili, maana humu ndani hatukisemi ila mgeni akija. Kisomali changu ni cha mdomo, na kwa mdomo ningekubembeleza, ningekuchekesha, tungemaliza chai bila mimi kusema kitu. Kiswahili ni lugha niliyofanyia kazi ya serikali. Ndani yake sijui kubembeleza, na leo ndivyo ninavyotaka.

Nina hasira, mwanangu. Nina hasira na askari, na hakimu, na wazee wetu wenye ndevu zilizopakwa hina, lakini kila nikiifuata hasira hiyo nione inakokwenda, inanirudisha humu chumbani, kwenye kiti hiki. Kwa hiyo soma polepole.

Hamdi unamjua kuliko mimi. Binti wa Habiba muuza maziwa ya ngamia, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mlikaa dawati moja, na mlikula sahani moja hapa kwangu hadi mama yako akawa akimkosa anauliza kama ni mgonjwa. Tangu kesi yake ilipoanza kusikilizwa hujakanyaga kwao, na aliyekukataza ni mimi. Nilikuambia ni mambo ya watu wazima. Nitakuambia mambo yenyewe yalikuwa nini.

Unakumbuka mwaka ule kamati ya vitambulisho ilipokuja mtaani. Kwingine nchini kijana akitimiza miaka kumi na minane anakwenda ofisini, anapigwa picha, anarudi nyumbani. Sisi tunangoja kamati ije ituulize babu yetu alizikwa wapi na kisima chetu kinaitwaje, na ikishaondoka hakuna ajuaye itarudi lini. Na bila kitambulisho mtu wetu haendi popote, maana kwenye kizuizi cha kwanza tu barabarani anateremshwa kwenye basi kama mgeni katika nchi yake. Basi kila mzazi akawa analeta watoto wake warefu. Ndivyo tulivyowaita, watoto warefu, tukicheka. Msichana mwenye kimo anavishwa buibui la mama yake, anafundishwa asitabasamu sana, na mimi naibu wa chifu naandika barua kwamba namfahamu tangu kuzaliwa na kwamba ametimiza miaka kumi na minane. Napiga muhuri. Hakuna aliyeona haya. Tuliona serikali inatuibia miaka yetu kwenye foleni, nasi tunajirudishia michache.

Hamdi alikuja na mama yake siku ya mwisho ya kamati. Nilijua umri wake bila kuuliza. Alizaliwa nyumbani mwaka mmoja baada yako, na mama yako ndiye aliyempelekea Habiba supu. Niliandika, nikapiga muhuri, Habiba akanishukuru mpaka nikaona aibu. Mbele yake kwenye orodha ya barua zangu, mstari mmoja juu ya jina la Hamdi, kulikuwa na jina lako. Wewe nilikuongeza miaka miwili. Yeye nilimwongeza mitatu.

Miezi minne baadaye Hamdi alipeleka maziwa asubuhi kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa mifugo ambaye sitamtaja jina, si kwa heshima, ila kwa kuwa unamjua na mdomo wangu unakataa. Alikuwa akipeleka pale kila siku kabla ya shule. Mkewe alikuwa safarini. Yule bwana alimvuta ghalani, akambaka, kisha akamwambia akachukue hela ya maziwa mezani.

Habiba alipokuja kuambiwa, alinijia mimi kwanza, maana mimi ndiye nilikuwa serikali ya karibu. Tulikwenda kituoni watatu. Pale mbele ya meza ya mapokezi palikuwa na wanaume sita hivi waliokuja kwa habari za simu zilizoibwa na mbuzi waliopotea, na yule askari akamwambia mtoto aeleze hapohapo, kwa sauti, kilichompata. Hamdi akaangalia sakafu. Askari akasema, "Kama hasemi, mimi nitaandika nini?" Kisha akaniangalia mimi, mwanaume mwenzake na mtumishi mwenzake, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, haya mambo si mnaweza kuyamaliza huko nyumbani?"

Habiba, na Kiswahili chake cha sokoni, akapiga meza. "Mimi nakuja hapa kwa serikali, si kwa nyumbani! Mtoto yangu iko darasa ya nane! Wewe bolisi, andika!"

Wale wa mbuzi wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno, na mpaka leo sijui tofauti ya kucheka na kunyamaza ilikuwa na faida gani kwa mtoto yule. Fomu ya P3, ile anayojaza daktari kuthibitisha madhara, ilikuwa imekwisha, ikabidi tukatoe nakala dukani, na dukani hakukuwa na umeme. Hamdi alikaa saa tatu nzima juu ya benchi akingoja umeme urudi. Ifrah, siku moja utakuwa upande wa pili wa meza ile. Sikuhubirii. Nataka tu umwone mtoto akikaa pale, na ukumbuke kwamba alikuwa rafiki yako.

Wazee walikaa siku mbili kutafuta suluhu. Nilikaa nao. Yule bwana ni wa ukoo wetu, msikiti umejengwa upya kwa mkono wake, na kila aliyesimama kusema alianza na msikiti. Mambo ya mtoto yalikuja mwishoni, kama hesabu ya mifugo: ngamia wangapi, wa umri gani. Habiba hakuitwa ndani. Alikaa nje juani, na mimi nikatumwa kumpelekea uamuzi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniita ami kwa lugha yetu, akasema, "Adeer, waambie wakae na ngamia wao. Kama wanataka kunifurahisha, mmoja wao atoke aje anitazame usoni." Hakutoka hata mmoja. Wiki hiyohiyo wateja wake wa maziwa wakaanza kukumbuka kwamba wana presha na daktari amewakataza maziwa. Mtaa mzima ukaugua kwa wiki moja!

Kesi ilifika kortini, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Shahidi hayupo, faili halipo, hakimu yuko mafunzoni. Shtaka lilikuwa la kumnajisi mtoto, na kwenye shtaka hilo sheria haiulizi mtoto alikubali au la, kwa kuwa mtoto hana cha kukubali. Kila kitu kilisimama juu ya umri wake. Daktari wa meno alimtazama akasema ni kati ya miaka kumi na minne na kumi na sita. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Na hapo ndipo jioni moja, tukinywa chai baada ya sala, mzee mmoja wa ukoo akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Hivi kwenye karatasi zako yule binti umemwandika miaka mingapi?"

Nikamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwambia. Nilitaka kuonekana nina msaada, basi. Nilikuwa nimechoka kutazamwa kama mtu aliyemsindikiza Habiba kituoni. Nikamwaga mtama kwenye kuku wengi, na nilijua ni kuku gani.

Wakili wa yule bwana aliniita shahidi. Kizimbani alinionyesha kitambulisho cha Hamdi na barua iliyokizaa.

"Huu ni muhuri wako, mzee?"

"Ni wangu."

"Na saini?"

"Yangu."

"Na haya uliyoandika, kwamba unamfahamu tangu kuzaliwa na kwamba wakati ule alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, ni ya kweli?"

Wazee walikuwa wamekaa safu ya mbele. Nyuma yao Habiba, na pembeni yake Hamdi, amevaa hijabu ya shule kwa sababu mwendesha mashtaka alimshauri aivae ili hakimu aone. Hakimu alikuwa akiandika. Nakumbuka niliitazama ile kalamu yake nikaona imesimama, inaningoja mimi.

Nikasema, "Ni ya kweli."

Nilikuwa nimekula kiapo kwa msahafu, Ifrah. Mkono huu.

Kisha akaulizwa Hamdi. Sasa hakuwa mtoto tena, nilikuwa nimeshamkuza kwa neno moja, basi akaulizwa maswali ya mwanamke. Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini kesho yake ulipeleka maziwa tena? Alijibu kwamba alipeleka kwa kuwa hakuwa amemwambia mama yake bado, na maziwa yangeharibika. Watu walinong'ona. Jibu la mtoto lile, jibu la mtoto wa miaka kumi na mitano anayeogopa maziwa yataharibika, na hakuna mtu mle ndani aliyelisikia kama la mtoto, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa mezani.

Siku ile niliporudi uliniuliza mlangoni, "Aabo, umesema nini kortini?" Nikakujibu, "Nimesema kilichoandikwa." Ukaridhika, maana ulikuwa unaniamini. Wiki hiyo ndiyo niliyokukataza kwenda kwao.

Hukumu ilisomwa siku tisa zilizopita. Hakimu alisema mahakama haiwezi kudharau hati ya serikali iliyothibitishwa na mtumishi wa serikali aliyeitoa, kwamba umri haukuthibitishwa, na kwamba kuhusu ridhaa pana shaka. Yule bwana aliachiliwa. Nje walimbeba mabegani. Mimi nimestaafu tangu mwanzoni mwa mwaka, sikuwa na sababu ya kuwapo, lakini nilikuwapo, na mzee mmoja akanipigapiga bega akasema, "Umetulinda." Sijawahi kutukanwa vile tangu nizaliwe.

Keshokutwa yake Habiba na Hamdi walikuja hapa. Wewe ulikuwa umekwenda kupimwa afya kwa ajili ya chuo. Nilidhani wamekuja kunilaani, na kwa kweli ningeshukuru. Hamdi amekonda. Aliacha shule kidato cha kwanza, anamsaidia mama yake kusafisha mitungi. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, akaniita kama alivyoniita siku zote.

"Adeer, sikuja kukulaani. Sitaki kitu chako. Nataka useme tu nilikuwa na miaka mingapi."

Habiba akaongeza, "Wewe unajua. Mke wako aliniletea supu."

Nilisema nitafikiri. Mwanaume wa miaka sitini na mmoja, ameulizwa umri wa mtoto wa jirani yake, anasema atafikiri! Nilipowasikia wakifunga lango nikaketi chini pale sebuleni, mama yako akanikuta hapo.

Juzi nilikwenda kwa mwendesha mashtaka. Ni mwanamke mdogo kwangu sana, ana mafaili hadi chini ya kiti. Alinieleza bila kunipaka mafuta. Serikali inaweza kukata rufaa, muda ni siku kumi na nne tangu hukumu; leo zimebaki tano. Nikiapa kwa maandishi kwamba barua ilikuwa ya uongo, atakuwa na pa kuanzia. Mahakama kuu inaweza kukataa. Na mimi ninaweza kushtakiwa mara mbili, kwa barua na kwa kiapo, na marupurupu yangu ya kustaafu yakaenda na maji. Nikamuuliza, "Na barua zangu nyingine?" Akanitazama. "Zote za mwaka ule zitafunguliwa, mzee. Ni orodha moja."

Umeelewa sasa kwa nini nimejifungia.

Kitambulisho ulichokionyesha siku ya kuandikishwa polisi, kile ulichokitia ndani ya bahasha ya plastiki na kukiweka juu ya nguo zako, kimetoka kwenye orodha hiyo. Umri wako wa kweli ungekutosha kabisa kuingia chuoni, hilo ndilo linalonichoma. Hukuhitaji uongo wangu. Lakini karatasi yako ni ya uongo, na chuo kinaweza kukurudisha nyumbani kwa sababu ya karatasi. Ulikimbia uwanjani peku hadi kucha zikatoka. Kati ya wasichana waliojitokeza mlichukuliwa wachache sana. Na baba yako anaweza kuyamaliza hayo yote kwa saini moja.

Mama yako amenisihi. Si mtu mbaya, usimkasirikie. Alisema, "Ngoja amalize mafunzo kwanza, avae nguo za kazi, ndipo useme utakalo." Nikamwambia siku hazingoji. Akasema, "Hamdi ameshaumia. Unataka waumie wawili?" Nilikaa na neno hilo siku nzima nikaona jinsi lilivyo tamu. Ndilo neno walilolisema wazee. Ndilo alilolisema yule askari kwa namna yake. Kila mmoja wetu ana binti mmoja wa kumlinda, na kwa ajili yake tunamwacha wa jirani aliwe. Nami kwa miaka hii yote nilijiambia kwamba kizimbani nilidanganya kwa ajili yako. Si kweli. Siku ile sikukuwaza wewe hata kidogo. Niliogopa macho ya wanaume wa safu ya mbele. Wewe nilikuongeza baadaye ili nipate usingizi.

Sasa sikia. Sikuombi ruhusa. Nilitaka, nilianza barua hii jana nikaandika "ukiniambia nisiende, sitakwenda," nikaichana. Ningekuwa namtwisha msichana mwingine mzigo wa kuamua kama mimi niseme kweli. Kesho basi likiondoka nakwenda moja kwa moja kwa yule mwendesha mashtaka. Nitaapa, nitatia saini. Sitapita kwa wazee, na msikitini nitaswali safu ya nyuma kabisa kama watanitazama.

Barua hii nitakutia mkononi usiku huu kabla hujalala, si kesho kwenye dirisha la basi, ili uwe na nafasi ya kunipigia kelele. Pengine utasema umevunjiwa maisha na baba yako mwenyewe, na nitakaa nisikilize, kwa sababu itakuwa kweli. Ukipanda basi, mwendesha mashtaka anasema ni heri ukifika umtafute mkuu wa chuo siku ya kwanza umwambie mwenyewe kabla barua ya serikali haijamfikia. Mtoto aliyeandikwa umri na babake si sawa na mtu aliyejighushia. Huenda wakakuelewa. Siwezi kukuahidi. Nimeahidi sana na muhuri ule.

Na ukitaka kupitia kwa Habiba kesho alfajiri kabla ya basi, sitakuuliza unakwenda wapi. Hamdi yuko. Huwa anasafisha mitungi nyuma ya nyumba.

Jambo moja linanitia woga kuliko jela. Kesho nitaulizwa swali lile tena, na nina mazoea ya miaka mingi ya kulijibu vibaya. Naogopa mdomo utanisaliti. Kwa hiyo naliandika hapa kwanza, kwako, bila muhuri, mkono uzoee.

Hamdi alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilijua.

Baba yako